Dawa ya kifafa ipo, lakini ya kifafa kipi?

Kila mwaka, Jumatatu ya pili ya Februari huwa Siku ya Kimataifa ya Kifafa, na huku kwetu ukanda wa Ziwa Viktoria, magharibi mwa Kenya, kuanzia Kisumu hadi Busia, ujumbe wa siku hiyo umekuwa uleule: kifafa si laana wala pepo, ni ugonjwa wa ubongo, na dawa yake ipo. Ujumbe huo ni wa kweli, na umewatoa wengi katika mikesha ya maombi na mitishamba isiyo na mwisho. Mwezi Mei 2022 Baraza la Afya Duniani lilipitisha mpango wa miaka kumi kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya neva, na tangu hapo ujumbe umepata tarakimu za kuusukuma: ifikapo 2031, asilimia 90 ya wenye kifafa wawe wanajua kwamba ugonjwa wao unatibika, asilimia 80 wawe wanapata dawa salama kwa bei wanayoimudu, na asilimia 70 ya wanaotibiwa wawe wameidhibiti mishtuko, yaani mashambulizi ya kifafa. Njia ya kufika huko ni kuyashusha matibabu kutoka hospitali kubwa hadi kituo cha afya cha mashinani, mikononi mwa muuguzi na afisa wa kliniki. Hatua hiyo naiunga mkono. Kasoro ninayoiona iko katika namna watu wanavyoielewa, yaani kwamba kifafa ni kimoja, na kwa hiyo tembe yoyote ya kifafa iliyo kwenye rafu ni afadhali kuliko kukosa kabisa.

Si kimoja. Kipo kifafa ambacho hakimwangushi mtoto, hakimtoi povu wala hakimtetemeshi, bali humzubaisha kwa sekunde chache na kumwachilia. Wengi hudhani hicho ni kifafa kilekile katika hali yake nyepesi, hatua ya kwanza kabla ya kile cha kuanguka. Hoja yangu ni kwamba kifafa cha kuzubaa hutokana na mtambo wake wenyewe ndani ya ubongo, mtambo ambao kwa sehemu fulani huenda kinyume kabisa na ule wa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, na kwamba asiyeelewa jinsi kinavyozuka anaweza kumpa mtoto dawa halali, ya bei nafuu, iliyoandikwa na mtu mwenye nia njema, na bado akamzidishia ugonjwa.

Tumtazame kwanza mtoto mwenyewe. Yuko Gredi ya 2, anasoma kwa sauti mbele ya wenzake. Katikati ya sentensi ananyamaza. Macho yamekaza mbele au yameinuka kidogo, kope zinapepesa, kitabu bado kiko mkononi. Baada ya sekunde kama kumi anaendelea kusoma, mara nyingine kutoka neno lilelile alipoishia, wala hajui kwamba kulikuwa na pengo. Hachoki baadaye, hachanganyikiwi, halii. Hali hii kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 4 na 10, zaidi katika ule wa kuanza shule, na kwa asiyetibiwa inaweza kujirudia makumi ya mara kwa siku. Darasani mtoto huyo huitwa mzembe, au anayeota ndoto za mchana, na siku hizi, kwa kuwa tumejifunza msamiati mpya, huambiwa ana upungufu wa umakini. Siwalaumu walimu, aliye mbele ya darasa lililojaa hadi mlangoni hana nafasi ya kuhesabu sekunde za kimya cha mtoto mmoja. Ila kuna tofauti moja iliyo wazi: mwenye ndoto za mchana ukimgusa bega huzinduka, lakini aliyeshikwa na kifafa hiki huwezi kumrudisha kwa kumgusa wala kwa kumwita, mpaka kimwachilie chenyewe.

Kinachotokea ndani kilianza kuonekana baada ya Mjerumani Hans Berger kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, akautangaza mwaka 1929. Mwaka 1935 Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox, waliokuwa wakifanya kazi Boston, walichapisha picha ambayo mpaka leo ndiyo alama ya ugonjwa huu: mchongoko mkali ukifuatwa na wimbi pana, mchongoko na wimbi, mara tatu kila sekunde, katika pande zote mbili za kichwa. Mchoro hubadilika ghafla kutoka mistari ya kawaida kuwa safu ya milima iliyopangwa sawasawa, kisha hukatika ghafla vilevile. Hakuna kupanda polepole wala kushuka polepole. Swali ambalo limewashughulisha wataalamu kwa miongo mingi baada ya hapo ni moja: ni nani anayepiga mdundo huo, na kwa nini ubongo mzima unauitikia?

Chini ya gamba la nje la ubongo, katikati kabisa, kuna jozi ya vifundo vya seli viitwavyo thalamasi. Habari za hisi karibu zote, isipokuwa za harufu, hupitia hapo kabla ya kufika kwenye gamba, ambako hugeuka kuwa kuona, kusikia na kuelewa. Anayeijua foleni ya malori ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hatapata shida kuielewa thalamasi: kazi ikienda vizuri, lori moja moja hukaguliwa na kupita, lango likifungwa kwa muda, malori hurundikana, na likifunguliwa hutoka kwa mkupuo. Seli za thalamasi nazo zina namna hizo mbili za kufanya kazi. Tukiwa macho hutuma ishara moja moja, kwa kufuata kinachotokea nje. Tukizama katika usingizi mzito hubadilika, zikatuma ishara kwa mikupuo yenye mdundo, na habari za nje hazipenyi tena kama mchana. Mabadiliko hayo ni ya kawaida, na kila mmoja wetu huyapitia kila usiku. Katika kifafa cha kuzubaa, mitambo iliyoumbwa kutengeneza midundo ya namna hiyo hujiwasha mtoto akiwa macho, katikati ya sentensi.

Kinachowezesha mkupuo huo ni vijilango vidogo kwenye utando wa seli vinavyopitisha chembe za kalisi zenye chaji ya umeme, vinavyoitwa vijilango vya aina ya T. Tabia yake inashangaza. Seli ikiwa imechangamka, vijilango hivi hujifunga na kukataa kufunguka. Ni lazima kwanza seli itulizwe, tena itulizwe sana, ndipo vipate kuwa tayari. Halafu seli inapoanza kuinuka kutoka katika utulivu ule, hufunguka kwa pamoja, kalisi ikamiminika ndani na seli ikafyatua ishara mfululizo. Sasa, kuizunguka thalamasi kuna tabaka jembamba la seli liitwalo kiini cha retikula, ambalo kazi yake ni kuituliza thalamasi kwa kemikali iitwayo GABA. Gamba la ubongo likituma ishara kali, kiini cha retikula huitikia kwa kuimwagia thalamasi GABA. Thalamasi hutulia, vijilango vya T hupata nafasi yake. Utulivu ukiisha thalamasi hufyatuka na kuliamsha gamba pamoja na kiini cha retikula tena. Na mzunguko huanza upya, takriban theluthi moja ya sekunde kwa kila duru. Mchongoko kwenye mchoro ni pale seli nyingi zinapofyatuka pamoja. Wimbi ni pale zinaponyamaza pamoja.

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Picha tuliyo nayo ya kifafa ni ya ubongo uliochachamaa, na dawa tunaifikiria kama kitu cha kuutuliza. Kwa kifafa cha kuzubaa, kutulizwa ni nusu ya ugonjwa wenyewe. Kila sekunde seli za gamba hunyamazishwa mara tatu kwa pamoja, na fahamu haina pa kusimama katikati ya kunyamazishwa huko. Picha za ubongo zilizopigwa wakati wa mashambulizi zimeonyesha kazi ikiongezeka kwenye thalamasi huku ikipungua katika sehemu za gamba zinazohusika na kuwa macho na kujitambua. Mtoto haanguki kwa kuwa misuli yake haikuamrishwa kukaza. Amezimwa kidogo, kwa mdundo.

Sitaki msomaji adhani kwamba wataalamu wote wameafikiana juu ya chanzo. Wilder Penfield na Herbert Jasper, waliofanya kazi Montreal, waliamini kwamba kiini cha mambo kiko kilindini, na Jasper aliweza kuzusha mchoro unaofanana na huo kwa paka alipoisisimua thalamasi kwa umeme mara tatu kwa sekunde. Baadaye Pierre Gloor, wa Montreal hiyohiyo, alionyesha kwamba thalamasi peke yake haitoshi, kwamba lazima gamba liwe limechangamka kupita kiasi ndipo ishara za kawaida za thalamasi zigeuke mchongoko na wimbi. Mwaka 2002 Hanneke Meeren na wenzake wa Uholanzi walichunguza panya wa ukoo unaorithi ugonjwa huu, wakagundua kwamba katika nusu sekunde ya mwanzo gamba ndilo linaloongoza, tena kutoka eneo dogo linalohusika na hisia za midomo na pua. Baada ya hapo gamba na thalamasi huongozana kwa zamu. Panya si mtoto wa Kondele, na mdundo wake ni wa kasi zaidi ya ule wa binadamu. Hata hivyo, naona ushahidi umeelemea upande huu: gamba huwasha, thalamasi na kiini chake cha retikula huendeleza. Anayetafuta kovu au jeraha hatalipata, maana kwa wengi wa watoto hawa picha ya ubongo haina kasoro. Kilichorithiwa ni mielekeo midogo midogo katika jeni nyingi, zikiwemo za vipokezi vya GABA na vijilango vya kalisi. Mama hakumwangusha mtoto. Hakuna aliyemroga.

Mzozo huo wa maabara unatufikia sisi kupitia dawa. Karbamazepini, ambayo wengi huku wanaijua kwa jina la Tegretol, na fenitoini hufanya kazi hasa kwa kuvibana vijilango vya sodiamu, na kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo ni dawa nzuri. Kwa kifafa cha kuzubaa zinaweza kuongeza idadi ya mashambulizi, na mara nyingine kumtumbukiza mtoto katika kuzubaa kusikokatika. Fenobabitali, tembe ya bei ya chini kuliko zote na iliyoenea zaidi katika vituo vya afya vya nchi maskini, huongeza nguvu ya GABA, na kwa kuzubaa haisaidii. Vigabatrini na tiagabini, ambazo hufanya GABA ijazane katika ubongo, zimejulikana kuzusha kuzubaa kwa watu waliokuwa wakitibiwa kifafa kingine. Msomaji makini ataniuliza kuhusu klonazepamu, ambayo nayo hupitia njia ya GABA na bado inaweza kukizuia kifafa hiki. Jibu ni kwamba hiyo hufanya kazi zaidi ndani ya kiini cha retikula, seli zake zikatulizana zenyewe, na thalamasi ikamwagiwa kidogo. Kwa upande wa pili iko ethosuksimidi, inayovibana vijilango vya aina ya T. Hiyo hukikata kifafa cha kuzubaa lakini haina faida kwa kifafa cha kuanguka na kutetemeka. Dawa moja inaponya huku na kushindwa kule, nyingine inasaidia kule na kudhuru huku. Kama kifafa cha kuzubaa kingekuwa tu kifafa cha kuanguka kilichopungua makali, jambo hilo lisingewezekana.

Ugumu wetu huku magharibi unazidishwa na malaria. Mtoto aliyewahi kuugua malaria ya ubongo, ambapo chembe nyekundu zenye vimelea huziba mishipa midogo ya damu ya ubongo, anaweza kubaki na kovu, na kovu hilo likawa chanzo cha kifafa miezi au miaka baadaye. Naye huzubaa. Naye hukaza macho asiitike. Lakini kwake shambulio huchukua nusu dakika hadi dakika mbili, mara nyingi anatafunatafuna au kulambalamba midomo, vidole vinachezea kifungo cha shati, na likiisha amechoka, amechanganyikiwa, pengine anataka kulala. Huyo karbamazepini inaweza kumfaa sana. Kwa hiyo wako watoto wawili katika foleni moja ya kliniki, wote wameandikwa kwenye daftari kwamba “anazubaa”, na dawa inayomfaa mmoja inamdhuru mwenzake. Sijui sehemu nyingine ya Kenya ambako kosa hili ni rahisi kufanyika kuliko katika kaunti zinazozunguka ziwa.

Wanaotetea tembe moja kwa wote hawana hoja dhaifu, na ningekosa uadilifu kama ningewafanya waonekane hivyo. Wanasema, kwanza, kwamba wagonjwa wengi wa kifafa wanaofika kituo cha afya ni wale wa kuanguka, ambao ndio walio katika hatari ya kuungua motoni, kuzama mtoni au kufa kitandani. Pili, fenobabitali kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani inaweza kumtibu mtu kwa gharama ya takriban dola 5 za Marekani kwa mwaka. Tatu, mhudumu aliyefundishwa kwa siku chache akipewa mambo mengi ya kutofautisha atashindwa hata hayo machache, na wagonjwa watarudi nyumbani mikono mitupu. Yote hayo nayakubali. Kwa mtu mzima anayeanguka na kutetemeka, tembe hiyo mapema ni bora kuliko kumsubirisha mtaalamu wa neva, ambao wengi wao wako Nairobi. Nisichokikubali ni kuubeba uamuzi uliofanywa kwa ajili ya huyo na kumwekea mtoto wa miaka sita ambaye hajawahi kuanguka.

Upande wa pili wako wanaosema kwamba bila mashine ya EEG, ile inayorekodi umeme wa ubongo, na daktari bingwa asitibiwe mtu. Kwa kifafa hiki hasa, sharti hilo halina msingi mkubwa kama linavyosikika. Mchoro wa EEG huthibitisha, na pale unapopatikana, iwe Kisumu au Eldoret, ufanywe. Lakini ugonjwa huu una tabia ya kujitokeza mbele ya daktari ukiitwa: mtoto akipumua kwa nguvu na kwa haraka kwa dakika tatu, kabonidayoksidi ikapungua katika damu yake, shambulio hutokea kwa takriban tisa kati ya kila kumi wasiotibiwa. Niliwahi kushuhudia jambo hilo katika hospitali moja ya kaunti. Afisa wa kliniki alichana kipande cha karatasi kutoka daftari, akakishika mbele ya midomo ya msichana mmoja, akamwambia, “Puliza tu, mama, kipepee, usiache.” Karatasi ikapepea kwa muda. Halafu ikatulia. Macho ya mtoto yalikuwa yamepanda, kope zinacheza. Yule afisa akasema polepole, “Embe.” Mtoto alipoanza tena kupuliza kana kwamba hakuna kilichotokea, aliulizwa ni tunda gani lililotajwa, akatazama huku na huku, hakujua. Nyanya yake akasema, “Daktari, hivyo ndivyo anavyofanya akiosha vikombe.” Hapakutumika mashine yoyote. Ni lazima niongeze tahadhari moja ambayo huku ina uzito kuliko kwingine: mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu hapaswi kufanyiwa kipimo hicho, kwa sababu kupumua hivyo huibana mishipa ya damu ya ubongo na kunaweza kumletea kiharusi. Kwa hiyo kifanywe na mhudumu aliyefunzwa, aliyeuliza kwanza kuhusu selimundu, moyo na mapafu. Mzazi asikijaribu nyumbani.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi, hata kutoka kwa watu waliosoma, ni kwamba mtoto akue tu, kitamtoka. Ni kweli kwamba wengi huachana nacho kufikia ujana. Tafiti zilizowafuatilia watoto kwa miaka mingi zimeonyesha takriban theluthi mbili wakipona. Kauli hiyo inasahau theluthi iliyobaki, ambayo baadhi yao hupata aina nyingine ya kifafa wakiwa vijana, ikiwemo ile ya mikono kushtuka asubuhi na hatimaye ya kuanguka. Inasahau pia hesabu nyepesi: mtoto anayezimika mara hamsini kwa siku, sekunde kumi kila mara, hupoteza dakika zisizofika tisa, jambo linaloonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba dakika hizo zimekatwakatwa vipande na kutawanywa katikati ya maelezo ya mwalimu, katikati ya hesabu ya kuchukua mkononi, katikati ya kuvuka barabara ya Kisumu kwenda Busia. Na miaka ambayo wanataka asubiri ndiyo ileile ya kujifunza kusoma. Jambo jingine ambalo watu hawalitarajii ni kwamba takriban theluthi moja ya watoto hawa wana udhaifu wa umakini hata kabla ya kuanza dawa, na udhaifu huo unaweza kubaki hata mashambulizi yakikoma. Kwa maneno mengine, mwalimu aliyesema mtoto hana umakini huenda hakukosea; alichokosa ni kujua kwamba kuna kitu cha pili pembeni yake.

Tukikubaliana kwamba mtambo ni tofauti, swali la dawa gani linapata jibu lenye ushahidi mzuri kuliko maswali mengi ya kifafa cha watoto. Mwaka 2010 Tracy Glauser na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio lililowagawanya watoto 453 kwa kura kati ya ethosuksimidi, valproeti na lamotrijini. Baada ya wiki 16, dawa ilikuwa inafanya kazi bila kulazimu kusimamishwa kwa asilimia 53 ya waliopewa ethosuksimidi, asilimia 58 ya waliopewa valproeti, tofauti ambayo kitakwimu si kitu, na asilimia 29 tu ya waliopewa lamotrijini. Lakini asilimia 49 ya watoto wa valproeti walikuwa na matatizo ya umakini, ikilinganishwa na asilimia 33 ya wale wa ethosuksimidi. Ethosuksimidi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo si dawa ambayo mzazi wa Bondo au wa Njoro anaweza kutegemea kuikuta kwenye duka la dawa la mjini kwake, na ndiyo maana valproeti, yaani Epilim kwa wengi, hushika nafasi yake. Kwa mvulana hilo laweza kuvumilika. Kwa msichana ni suala jingine, kwa kuwa valproeti ikitumiwa wakati wa ujauzito husababisha ulemavu wa kuzaliwa kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi, na matatizo ya ukuaji wa akili kwa asilimia 30 hadi 40. Msichana anayeanzishwa dawa hiyo akiwa na miaka saba, asipofuatiliwa, atajikuta ana miaka kumi na minne bado anaimeza, katika eneo ambalo mimba za utotoni si habari mpya kwa yeyote.

Mzazi anayesoma haya na mwanawe anatumia karbamazepini asiiache kesho asubuhi. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuleta mishtuko mirefu iliyo hatari kuliko ugonjwa wenyewe, na huenda mtoto wake ni yule wa kovu la malaria, ambaye dawa hiyo inamfaa. Arudi kwa aliyeiandika, akiwa na maelezo: kuzubaa huchukua muda gani, mara ngapi kwa siku, mtoto huwaje baadaye, na je, mashambulizi yaliongezeka dawa ilipoanza. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kamera, na video ya sekunde ishirini humsaidia mhudumu kuliko barua ya rufaa ya kurasa mbili. Aliyeanza kuzubaa kabla ya umri wa miaka minne apelekwe hospitali kubwa bila kusubiri, kwa sababu takriban mmoja kati ya kumi wa kundi hilo ana tatizo la kusafirisha sukari kwenda kwenye ubongo, na tiba yake kuu ni mlo maalumu wenye mafuta mengi.

Mwaka 2025 Shirika la Kimataifa la Kupambana na Kifafa, ILAE, lilichapisha mpangilio mpya wa aina za mishtuko, likizipunguza kutoka 63 hadi 21. Kuna watakaolichukua punguzo hilo kama kibali cha kutotofautisha. Mpangilio wenyewe unasema vingine: umeiacha mishtuko ya kuzubaa mahali pake, katika kundi la ile inayoshika pande zote mbili za ubongo, na umeitenga na ile inayoanzia sehemu moja. Orodha ilifupishwa ili mhudumu wa mashinani aweze kuitumia. Na hapo ndipo naziona tarakimu za 90, 80 na 70 zinavyoweza kutudanganya. Daftari la kituo cha afya linaloandika “kifafa” na “amepewa dawa” litamhesabu msichana aliyepewa karbamazepini kimakosa kuwa amefikiwa, na kwa kuwa haanguki, litamhesabu pia kuwa amedhibitiwa. Nafuu yake ni ya gharama ndogo: safu mbili zaidi katika daftari hilo, moja ya aina ya mshtuko na nyingine ya kama mtoto alipumulishwa mbele ya mhudumu, pamoja na ethosuksimidi katika oda ya dawa ya angalau hospitali moja ya rufaa kwa kila kaunti, ili afisa wa kliniki wa Ahero au wa Molo akiutambua ugonjwa awe na mahali pa kumtuma mtoto ambako dawa yake itapatikana.